Mkopo wa kusomea sheria Marekani: kikomo cha dola 50,000 na swali la nani anaamua

Tangu Rais Donald Trump asaini ile sheria kubwa ya bajeti tarehe 4 Julai 2025, kwenye magrupu ya Waswahili wanaoishi Marekani kumekuwa na stori mbili kuhusu mikopo ya kusomea uanasheria na zote mbili zimekaa vibaya. Ya kwanza inasema serikali imefuta mikopo ya shule za sheria, kwahiyo kama huna baba tajiri sahau. Ya pili inatoka kwa wale wanaopenda kutuliza watu, eti hamna kilichoharibika maana mwanafunzi wa sheria bado ana haki ya kukopa mpaka dola 200,000 na hiyo ni hela nyingi kuliko anayohitaji mtu mwenye akili timamu. Mimi naona wote wamekimbilia kuhesabu hela wakasahau kuangalia kitu kilichobadilika hasa. Serikali bado inakopesha, na masharti yake bado ni mepesi. Ila kwa yule ambaye gharama zake zinapita kikomo kipya, swali la kama anastahili kukopeshwa limetoka mikononi mwa serikali likaenda benki, na benki haiulizi maswali yale yale. Hapo ndipo mjadala ulitakiwa uwe, na hapo ndipo haupo.

Turudi nyuma kidogo. Mwanafunzi wa shahada ya juu Marekani, akiwemo wa JD ambayo ndiyo digrii ya kuwa wakili kule, alikuwa na mikopo miwili ya serikali kuu. Wa kwanza unaitwa Direct Unsubsidized, kikomo chake dola 20,500 kwa mwaka, hauangalii krediti yako, yaani rekodi yako ya kukopa na kulipa madeni, wala kipato chako. Wa pili ulikuwa Grad PLUS, ulioanza kutolewa Julai 2006 baada ya sheria iliyosainiwa enzi za George W. Bush, na huo ulikuwa unaziba pengo lote lililobaki mpaka kufikia gharama nzima ya masomo, yaani ada, kodi ya nyumba, chakula, vitabu, bima, nauli, vyote kwa makadirio ya shule yenyewe. Shule ikisema mwaka mmoja ni dola 95,000, basi serikali ilikuwa inakubali 95,000, ukitoa skolashipu uliyopata. Krediti iliangaliwa lakini kwa jicho la huruma tu: hawakutafuta kama una krediti nzuri, walitafuta kama una rekodi mbaya, mfano kufilisika ndani ya miaka mitano au deni la zaidi ya dola 2,085 lililochelewa siku 90. Kama huna rekodi kabisa, kijana wa miaka 23 ambaye hajawahi hata kuwa na kadi ya benki ya mkopo, ulipita. Hii ya kutokuwa na rekodi kabisa muiweke akilini, nitairudia.

Sheria mpya imeufunga Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Badala yake mkopo wa kwanza ukaongezwa kwa wale wa digrii za kitaaluma, na masomo ya sheria yamo kwenye kundi hilo pamoja na udaktari, udaktari wa meno, famasia na nyinginezo, kwahiyo mwanafunzi wa JD anakopa hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shahada nyingine za juu zimebaki na 20,500 kwa mwaka na 100,000 jumla. Halafu kuna dari ya maisha yote, dola 257,500, inayojumlisha na ile mikopo uliyochukua ukiwa chuo kwenye digrii ya kwanza. Waliokuwa tayari wameshaanza programu yao na wameshakopa kwa ajili ya hiyo programu kabla ya tarehe hiyo wanaruhusiwa kuendelea na utaratibu wa zamani kwa miaka mitatu au muda uliobaki kwenye programu, upi ni mfupi. Kwahiyo aliyemaliza mwaka wa kwanza wa sheria kwa mkopo huo kabla ya hapo asishikwe na presha kwa posti alizosoma usiku.

Kwenye suala la nani anastahili, hapa nako kuna maneno mengi ya mtaani yasiyo na kichwa wala miguu. Unajaza FAFSA, ile fomu ya bure ya serikali kuu. Kipato cha wazazi hakiingii kwenye mkopo huu hata kidogo kwa sababu mwanafunzi wa shahada ya juu anahesabiwa anajitegemea hata kama bado analala kwa mama yake, ingawa baadhi ya shule za sheria zitakuuliza habari za wazazi kwa ajili ya ruzuku zao wenyewe, hilo ni jambo jingine. Uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi, au moja ya hadhi chache nyingine zinazokubalika. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hapati, na mwenye DACA, ule ulinzi wa muda wa waliopelekwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, hapati. Usiwe umetelekeza mkopo wa serikali wa nyuma mpaka ukaingia kwenye orodha ya waliogoma kulipa. Usome angalau nusu ya mzigo wa kawaida, uendelee vizuri kimasomo kwa vigezo vya shule, na shule yenyewe iwe ipo kwenye mpango wa serikali. Hamna kuulizwa alama za LSAT, yaani mtihani wa kuingia shule ya sheria, hamna kuulizwa utakuja kufanya kazi gani, na kwenye huu mkopo uliobaki hamna kuulizwa krediti. Ukitimiza hayo unapata kwa riba ile ile anayopata mtoto wa seneta. Mwaka wa masomo 2025/26 riba hiyo ilikuwa asilimia 7.94, wakati Grad PLUS ilikuwa 8.94 na juu yake makato ya zaidi ya asilimia 4 ya kila mkopo kabla hata hela haijakufikia, kwahiyo tusijidanganye kwamba kilichofungwa kilikuwa kitu cha bei rahisi.

Sasa ile 200,000. JD ni miaka mitatu. Mara tatu hamsini ni mia na hamsini. Yaani mwanafunzi wa kawaida wa muda wote hawezi kuifikia 200,000 hata akitaka, na anayeitaja hiyo namba kumpa moyo mtu anayeanza sheria anampa moyo wa hewa. Mwenye kuweza kuifikia ni daktari anayesoma miaka minne. Kuna anayesema basi nitasoma jioni miaka minne huku nafanya kazi, ni wazo zuri na wengi kwetu ndo wanavyofanya, ila sheria mpya inapunguza kikomo cha mwaka kulingana na mzigo wako, ukisoma robo tatu ya mzigo unakopa robo tatu ya kikomo, kwahiyo mwaka wa ziada haukuongezei kitu kwenye mkopo. Aliyekopea Masters kabla ya kuingia sheria, deni lile nalo linahesabiwa ndani ya 200,000. Na wale wenzetu waliosoma sheria nyumbani wakahamia kule na grinikadi yao wakitaka LL.M., yaani Masters ya sheria, ya mwaka mmoja ili wakae kwenye mtihani wa uwakili wa New York, waangalie vizuri sana, maana kinachotajwa kwenye kundi la digrii za kitaaluma ni JD, LL.M. inaangukia kwenye 20,500. Zaidi ya hapo shule yenyewe imepewa ruhusa ya kuweka kikomo cha chini zaidi kwa programu nzima ikiamua.

Kwa upande wa wanaoitetea sheria hii, hoja yao ni nzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Tangu mwaka 1987 William Bennett, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Rais Reagan, alikuwa anasema msaada wa serikali unavipa vyuo nafasi ya kupandisha ada, na watu wamebishana miaka na miaka kama ni kweli. Kwa digrii ya kwanza ushahidi umekuwa mchanganyiko. Ila kwa Grad PLUS kuna utafiti wa 2023 wa wachumi Sandra Black, Lesley Turner na Jeffrey Denning, na walichokuta kinauma: bei zilipanda kwenye programu ambazo wanafunzi wake walikopa sana, na hawakuona dalili kwamba mkopo huo uliongeza idadi ya wanaoingia au kusaidia makundi yaliyokuwa yameachwa nyuma. Hebu fikiri, serikali inamwambia muuzaji andika bei yoyote, mteja nitamkopesha yote, alafu tunashangaa gharama ya mwaka mmoja kwenye shule za juu za New York imevuka dola 100,000. Sioni namna ya kuutetea ule utaratibu kwa moyo safi. Na tayari baadhi ya shule zimeanza kusogea, mfano shule ya sheria ya Santa Clara kule California imetangaza ruzuku ya dola 16,000 kwa kila mwanafunzi mpya wa muda wote ili ada ishuke chini ya 50,000. Huo ndo ushahidi kwamba kikomo kinaweza kufanya kazi, japo ukilipa ada yote kwa mkopo wa serikali bado hujalipa kodi ya nyumba, na Santa Clara iko katikati ya Silicon Valley, eneo la makampuni ya teknolojia ambako nyumba ni ghali sana.

Upande wa pili unasema kikomo kitawafungia maskini mlango. Nusu ni kweli na nusu siyo, na tofauti ipo kwenye jinsi shule za sheria zinavyopanga bei, jambo ambalo watu wengi nje ya ile dunia hawalijui. Bei iliyoandikwa kwenye tovuti wanaolipa ni baadhi tu. Shule zinashindana kwenye orodha za ubora, na orodha hizo zinapima alama za LSAT na GPA (wastani wa alama za chuo) za wanaoingia, kwahiyo skolashipu kubwa zinakwenda kwa mwenye alama kubwa, awe tajiri awe maskini. Ndani ya darasa moja utakuta mmoja analipa sifuri, mwingine nusu, na wa tatu bei nzima, na wa tatu mara nyingi ni yule aliyeingia na LSAT ya chini kidogo, ambaye hakuwa na hela za kozi ya maandalizi au alikuwa anafanya kazi huku anasoma. Yeye ndiye anayemlipia mwenzake. Tena baadhi ya skolashipu zina masharti ya GPA na madarasa ya sheria yanapima kwa mgao wa lazima, wote hamuwezi kupata A, kwahiyo kuna watakaopoteza mwaka wa pili bila kuzembea (chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kinazilazimisha shule kutangaza ni wangapi wamepunguziwa au kunyang'anywa, nendeni mkasome hizo ripoti za Standard 509 kabla ya kusaini chochote). Kwahiyo maskini mwenye LSAT ya 172 hajafungiwa chochote, atasoma karibu bure. Anayebanwa ni wa daraja la kati la alama, anayelipa bei nzima kwenye jiji ghali. Huyo ndiye aliyekuwa anaishi kwa Grad PLUS.

Sasa huyo mtu anaambiwa nini? Hapa inakuja hoja ambayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye huu mjadala wote, nayo inasema mikopo ya binafsi itaziba pengo, na tena itaziba kwa akili zaidi maana benki itapima kama digrii hiyo inalipa, kitu ambacho serikali haikuwahi kupima. Inasikika vizuri. Ingekuwa kweli kama benki ingekuwa inampima mwanasheria wa kesho. Kwa kiasi kidogo wapo wanaoangalia jina la shule, sikatai. Ila kinachopimwa kwa uzito ni mtu wa leo: alama yake ya krediti, kipato chake, na kama havitoshi, na kwa mwanafunzi wa muda wote havitoshi karibu siku zote, mdhamini anayesaini naye. Kumbuka niliyosema juu kuhusu kijana asiye na rekodi. Kwa serikali kutokuwa na rekodi kulikuwa ni kupita, kwa benki ni kukwama. Kuna binti wa rafiki yangu, mwenye grinikadi, amepata nafasi kwenye shule nzuri tu, pengo lake ni kama dola 30,000 kwa mwaka, na kila sehemu aliyogusa aliombwa mdhamini. Mama yake ni muuguzi msaidizi na ana mkopo wa gari, mjomba ana biashara ya malori na krediti ya kupanda na kushuka. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza binti LSAT yake. Benki imepima familia, ikamaliza. Hiyo haipimi digrii kama inalipa, inapima kama kwenu mna mtu, na kwa familia zilizofika Marekani juzi juzi jibu mara nyingi ni hapana, hata pale ambapo mtoto mwenyewe ni moto. Na hata mdhamini akipatikana, watu waelewe kwamba anayesaini anakuwa mdaiwa kamili, siyo shahidi wa harusi.

Tofauti haiishii kwenye kupata, inaendelea kwenye kulipa, na nadhani hapa ndo madhara yatakuwa makubwa zaidi japo yatachelewa kuonekana. Mkopo wa serikali unaochukuliwa kuanzia Julai 2026 unalipwa ama kwa ratiba ya kawaida ama kwa mpango mpya unaoitwa RAP, ambapo unalipa asilimia ya kipato chako, kuanzia 1 mpaka 10 kadiri unavyopanda, na baada ya miaka 30 kilichobaki kinafutwa. Ukifanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida kuna PSLF, ya tangu 2007, inayofuta baada ya malipo 120, yaani miaka kumi. Mkopo wa benki haumo kwenye RAP wala PSLF na haujawahi kuwemo. Chukua mfano wa wakili wa utetezi wa umma, yule anayemtetea mshtakiwa asiye na hela, na tuseme analipwa dola 70,000 kwa mwaka na hana mtoto. Ana 150,000 za serikali na 90,000 za benki, lile pengo la 30,000 mara tatu. Kwa RAP deni la serikali lote la 150,000 atalilipia asilimia 6 ya kipato, dola 350 kwa mwezi. Lile dogo la 90,000, kwa riba ya asilimia 9 na miaka kumi, na hata bila kuhesabu riba iliyojilimbikiza akiwa shule, ni kama dola 1,140 kwa mwezi, iwe kapata mtoto, iwe kapunguzwa kazi. Deni dogo linakula zaidi ya mara tatu ya deni kubwa. Mwenzake aliyeenda kampuni kubwa ya mawakili ambako mshahara wa mwaka wa kwanza kwenye ngazi ya juu ni dola 225,000 atalipa yote mawili na kubaki na hela ya kwenda likizo, kwahiyo kwake mageuzi haya ni kelele tu. Kabla ya hapo huyu wa utetezi wa umma angekuwa na 240,000 yote serikalini, angelipa kwa kipato, na baada ya miaka kumi angefutiwa. Wakosoaji walikuwa sahihi kwamba huo ulikuwa ruzuku ya siri kwa shule ghali, kwa sababu mwanafunzi aliyepanga PSLF hakuwa na sababu ya kujali bei. Sawa. Lakini aliyeandika bei ni shule, na anayelipia marekebisho ni wakili wa dola 70,000.

Mtu atasema basi huyo asiende shule ya bei hiyo, aende ya jimbo lake yenye ada nafuu. Nakubali kabisa, na ningekuwa mjomba wake ningemwambia hivyo hivyo, kuna majimbo mengi ambako gharama nzima ya mwaka kwa mkazi inakaa ndani ya 50,000 na unatoka na leseni ile ile. Kama hii ndiyo itakuwa tabia mpya ya wanafunzi, nitakuwa wa kwanza kusema kikomo kimefanikiwa. Shaka yangu ni kwamba kikomo kimoja cha nchi nzima hakitofautishi shule ghali kwa sababu iko Manhattan na shule ghali kwa sababu imezoea kupewa, wala hakitofautishi shule ambayo wahitimu wake wanafaulu mtihani wa uwakili na kupata kazi na ile ambayo nusu ya darasa inaishia kufanya vitu vingine. Na kinachonishangaza ni kwamba ndani ya sheria hiyo hiyo kuna chombo kizuri zaidi: programu ya shahada ya juu ambayo wahitimu wake wanapata kipato cha chini kuliko mtu wa kati mwenye digrii ya kwanza tu, kwa miaka miwili kati ya mitatu, inapoteza haki ya mikopo hii. Huo ni mtihani kwa shule. Ni mtihani laini, shule nyingi za sheria zitaupita zikiwa zimelala, ila ungeweza kukazwa, ukalinganisha kipato na deni, na shule iliyozidisha ndiyo ikapunguziwa kikomo. Badala yake uzito mkubwa umewekwa kwenye namba moja inayomkuta mwanafunzi mmoja mmoja akiwa na barua ya kukubaliwa mkononi na wiki chache za kutafuta hela.

Nnavyoona mambo yataenda hivi. Shule zenye jina zitapandisha ruzuku kidogo au zitaanzisha mikopo yake zenyewe, maana zina hela na hazitaki kupoteza wanafunzi. Zile za katikati, zisizo na mfuko mnene, zitachagua kati ya kushusha bei kweli na kumpendelea kimya kimya mwombaji ambaye kwao kuna mdhamini, na ya pili ni rahisi zaidi kwa sababu haihitaji kikao chochote, inatokea yenyewe pale mwenye barua anaposhindwa kuleta hela na nafasi ikaenda kwa anayefuata. Takwimu za udahili hazitaonyesha kitu cha ajabu, viti vitajaa kama kawaida. Darasa la kwanza lililoanza chini ya kikomo hiki litamaliza 2029, na ofisi za utetezi wa umma za kaunti, ambazo zimekuwa zikiajiri kwa kusema mshahara mdogo lakini PSLF ipo, ndizo zitakuwa za kwanza kugundua kwamba waombaji wao wanauliza swali jipya kwenye intavyuu: na hili la benki mtanisaidiaje?